Tathmini ya Baiskeli Nene

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa baiskeli ya umeme. Wanaiita baiskeli kwa heshima tu, maana ni ng'ombe. Matairi yake ni mapana kama ya pikipiki ya shamba, betri imelala nyuma ya kiti, na katikati haina kile chuma cha kurukia: unainua mguu kidogo tu unapita, kama mtu anayevuka kizingiti. Fundi aliyeileta kutoka dukani alinieleza mara tatu kwamba imetengenezwa hivyo kwa ajili ya watu wa rika zote. Nikamwambia aseme tu wazee, hakuna atakayemfunga.

Sababu ya yote haya ni nyonga yangu ya kushoto. Mimi ni msoma mita wa idara ya maji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kupanda na kushuka kwenye pikapu mara mia na ishirini kwa siku kumenishinda, na meneja aliniona siku nilipokuwa nashuka kinyumenyume kama mtoto anayejifunza ngazi. Akaamua nijaribu baiskeli msimu mzima wa mvua, kwenda na kurudi nyumbani na kufanyia kazi, kisha mwisho wa Mei nijaze fomu ya tathmini. Fomu imeandikwa na watu wa duka. Ina maswali kumi na mawili: breki, matope, betri, uzito, na la mwisho, ambalo limenichekesha peke yangu, "matumizi ya burudani". Burudani na mimi hatujasalimiana siku nyingi.

Nimeanza kuandika hapa ili nisisahau la kujaza. Daftari ni la mita za zamani, limebaki na kurasa.

Jumanne, 5 Machi

Honi amenuna. Honi ni dereva wangu, au alikuwa wangu mpaka jana. Jina amelipata kwa kupiga honi kila geti hata kama mwenye nyumba amesimama nje anatutazama. Kazi yetu tunaifanya hivi: mimi nachuchumaa, nafunua kifuniko, nafuta kioo cha mita kwa kitambaa, nasoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Yeye amekaa kwenye usukani na daftari, anairudia kila tarakimu kwa sauti kama mtu aliye msikitini, ndipo anaandika. Akisikia jambo halimwingii akilini anauliza, "Una uhakika na hiyo?" Miaka kumi na tisa ya "una uhakika na hiyo". Kuna wasoma mita wanaokaa kivulini na kukadiria, wanajitungia namba mpaka jioni. Sisi hatujakadiria hata nyumba moja, na tunajivuna kwa hilo kuliko inavyostahili.

Sasa yeye atabeba mafundi wa mabomba, na mimi nitasoma na kuandika mwenyewe. "Haya dada, nenda na umeme wako," ndivyo alivyoniaga.

Jumatano, 6 Machi

Mita mia moja thelathini na moja, peke yangu. Hakuna aliyenihadithia habari ya tairi lililopasuka darajani mwaka ule. Hakuna aliyeimba kwa pua. Raha mustarehe.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Njia ya nyuma ya soko la mbao imegeuka uji, na pikipiki mbili zilikuwa zimelala ubavu. Nilipunguza mwendo, nikaweka msaada wa mota namba mbili, baiskeli ikapita polepole bila hata kuyumba. Wanaume waliokuwa wanazisukuma pikipiki zao walinitolea macho. Mmoja akaniuliza, "Mama, hiyo unaiuza?" Nilipita kichwa juu, nikijua fika kwamba sifa ni za matairi.

Kwa ajili ya fomu: matope, alama tano kwa tano. Nyonga hainiumi hata kidogo. Breki zinapiga kelele zikilowa. Betri dukani walisema kilomita themanini. Kwa matope haya nimepata hamsini na tatu, na bado zinanitosha siku nne.

Alhamisi, 14 Machi

Baiskeli yenyewe ina uzito wa kilo thelathini na tano, kwa hiyo inalala chini kwenye ngazi, imefungwa mnyororo. Betri naichomoa, napanda nayo ghorofa ya pili, naichaji karibu na kitanda alichokuwa analala mama. Ikijaa inabadilisha taa kutoka nyekundu kuwa kijani. Tangu mama afariki ni mwaka wa pili huu, na leo nimejikuta nakaa kuisubiri ibadilike ndipo nipakue chakula.

Ijumaa, 22 Machi

Nimegundua jambo nisilolipenda. Bado nasoma kwa sauti. "Sifuri, nne, saba, mbili." Kisha nanyamaza, nasubiri. Leo mwenye nyumba mmoja alitokeza kichwa dirishani akauliza ninaongea na nani. Nikamwambia naongea na mita. Alifunga dirisha.

Jumapili, 24 Machi

Kwa ajili ya swali la kumi na mbili, nimekwenda kujiburudisha. Nimeendesha mpaka bwawa la idara, kilomita kumi na tano, jua lilikuwa limetoka na barabara inanukia udongo. Kwenye mlima wa mwisho nimeweka namba tano, ikanipandisha kama nimeshikwa mkono. Kule juu nilikula yai langu la kuchemsha nikitazama maji. Ni pazuri sana. Nilitaka kumwambia mtu kwamba ni pazuri, nikatazama huku na huku, palikuwa na bata.

Wakati wa kurudi nimepitia mtaa wa Honi. Si njia yangu, inazunguka. Uani kwao kulikuwa na makelele, wajukuu, redio, mkewe anamfokea mtu huku anacheka. Geti lao ni la buluu. Sikusimama. Ningesema nimefuata nini? Miaka yote hiyo tumekaa kwenye pikapu moja, na mimi sijawahi kuingia kwake wala yeye kwangu. Tulikuwa watu wa kazini.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Mita mia na nane.

Jumatano, 3 Aprili

Meneja ameniita ofisini. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi na tano, ana adabu, ananiita mama, na amenipa kiti kabla ya kukaa yeye. Aliponipa kiti nikajua kuna jambo.

"Mama, naona ripoti zako za mita za kila wiki. Baiskeli inafanya vizuri sana, si ndiyo?"

Nikasema inafanya vizuri.

"Basi nikuambie, lakini ibaki hapa. Fomu yako ya mwisho wa Mei ikiwa nzuri, wakubwa wananunua baiskeli kumi na mbili. Kila msoma mita na yake. Pikapu zote tatu zinauzwa."

"Na madereva?"

Akapanga kalamu zake. "Madereva wataachishwa mwisho wa Juni. Kwa heshima. Kutakuwa na barua."

Honi amebakiza miaka miwili kustaafu. Nilisema asante, sijui asante ya nini, nikatoka. Uani Honi alikuwa anapakia mabomba na mafundi, anaimba kwa pua. Akaniinulia mkono. Mimi nikajifanya natazama tairi.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Ukiwa mkweli, baiskeli hii ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kupewa na idara. Bila hiyo nyonga yangu haifiki mwisho wa mwaka. Na nikisema hivyo kwenye fomu, nimemtoa Honi kazini kwa mkono wangu.

Jumapili, 7 Aprili

Bwawani. Kisha mtaa wa Honi. Geti lilikuwa wazi nusu nikaona mgongo wake, anamkata mjukuu nywele. Nikakazana na pedali nikapita haraka, utadhani nimeiba.

Jumatano, 10 Aprili

Ndugu yangu mdogo kapiga simu. Ameniuliza naendeleaje, nikamwambia nina baiskeli ya umeme. Akaniuliza rangi gani. Nikamwambia ya majivu. Akasema vizuri, akakata, ana wageni.

Jumapili, 14 Aprili

Bwawani chini ya mvua. Bata hawakuja. Mtaa wa Honi umejaa maji, nimepita katikati.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku mbaya. Niliingia karakana ya fundi cherehani, mama mmoja mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni, nikakuta mita yake imefungwa lakiri nyekundu. Wamemkatia maji tangu juzi. Hakunisubiri nikae sawa.

"Wewe ndiye uliyesoma hapa mwezi uliopita?"

"Ni mimi."

"Mimi nina cherehani mbili na pasi moja ya mvuke. Mmeniandikia maji ya kujaza kiwanda. Nimeyanywa? Au nimemshonea mamba?"

Nikafunua mita na daftari. Mita leo inasema sifuri, tatu, tisa, moja. Mwezi uliopita, ilipokuwa sifuri, tatu, nane, moja, mimi niliandika sifuri, nane, nane, moja. Kioo kilikuwa kimelowa, ile siku mvua ilinipiga tangu asubuhi, nikaiona tatu kuwa nane na kuiandika hivyo hivyo. Nane hapo mbele, kwa fundi cherehani! Honi asingeiandika kamwe. Angetoa kichwa nje ya pikapu akauliza kama nina uhakika na hiyo.

Nilimwomba msamaha nikiwa bado nimechuchumaa. Akanitazama, hasira ikampungua, akasema, "Unafanya peke yako siku hizi? Yule mwenzio mwenye makelele yuko wapi?" Nikamwambia ana kazi nyingine. "Pole," akasema, na pole yake iliniuma kuliko matusi.

Ofisini niliomba afunguliwe maji leo hii, wakamfungulia. Waliponiuliza sababu ya kosa, nikasema kioo cha mita kina ukungu. Hakina ukungu. Ndiyo mara ya kwanza kuidanganya idara, na nimeona jinsi ilivyo rahisi.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Sasa nasoma kila mita mara mbili, mara ya pili kwa sauti nene kidogo, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Inanisaidia, lakini naona aibu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua ilinikamata mbele ya duka la vioo, nikajibanza chini ya paa na baiskeli. Pikapu ikapita. Mafundi wa mabomba walikuwa wanacheka kweli kweli, wamejikunja, na Honi katikati yao anapiga usukani. Bila shaka ilikuwa ni ile habari ya tairi na daraja. Akapiga honi mbili, nikainua mkono, dimbwi lote likanirukia miguuni.

Nitaandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nina upweke. Nilikuwa nao hata kabla ya baiskeli, ila nilikuwa nimeupakia kwenye gari la mtu nikadhani ni kelele zake zinazonichosha.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimecheka, naandika kabla sijasahau. Nilimkuta Honi uani kwenye bomba, anaosha pikapu.

"Inakwendaje, dada?"

"Inakwenda. Panda ujaribu."

"Hiyo? Hiyo ni ya akina mama. Tazama ilivyokaa, kama imeacha nafasi ya sketi."

Nikamwambia anaogopa. Akaachia kitambaa, akapanda na mabuti yake yaliyolowa. Kumbe hajui kwamba ukibonyeza kile kidude cha kidole gumba mota inaondoka yenyewe. Ikaondoka naye. Alizunguka uani mara mbili akipiga kelele "Inazimwa wapi? Inazimwa wapi?", akaegeshwa na ua wa michongoma. Nilivunjika mbavu mpaka nikakaa chini. Na yeye akacheka, miiba imemjaa kwenye mkono wa shati.

Tulipokuwa tunaichomoa ile miiba akasema, "Ni kifaa kizuri, dada. Naona unatembea vizuri siku hizi. Usije ukakirudisha."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Nilichomoa mwiba mwingine.

Jumapili, 12 Mei

Bwawani. Mtaa wa Honi. Nilisimama kabisa mbele ya geti, nikashusha mguu mmoja. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikaondoka.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua inapungua. Mita mia moja thelathini na nne, hakuna kosa.

Ijumaa, 31 Mei

Nimejaza fomu, na hivi ndivyo nilivyoijaza. Matope: alama mbili, inateleza. Betri: alama moja, haizidi kilomita kumi. Uzito: alama moja. Kupanda na kushuka: alama mbili, nyonga bado inauma. Burudani: haifai, sijaitumia. Maoni: pikapu irudishwe.

Kulikuwa na mistari mitano mitupu ya maoni. Ningeweza kuandika kwamba baiskeli ni nzuri na kwamba kazi hii inataka watu wawili, mmoja asome na mmoja arudie, na kwamba nilimkatia maji mtu asiye na hatia kwa sababu nilikuwa peke yangu. Nilianza hata. Nikaliona neno "nilikosea" limekaa pale kwa mwandiko wangu, nikalifuta. Kuiaibisha baiskeli kulikuwa rahisi kuliko kujiaibisha mimi.

Jumanne, 4 Juni

Meneja ameniita. Fomu ilikuwa mezani, na karibu yake kile kioo kidogo cha usukani kinachoonyesha mwendo na betri, fundi wa dukani alikuwa amekichomoa.

"Mama, hapa umeandika betri haizidi kilomita kumi."

"Ndiyo."

"Na Jumapili hujawahi kuitumia."

"Ndiyo."

Akakigeuza kioo kunielekea. "Nisomee hii."

Nikasoma, kwa mazoea, tarakimu moja moja. Moja, sifuri, tisa, mbili.

"Kilomita elfu moja tisini na mbili. Njia zako zote za kazi, na za nyumbani, nimezijumlisha, hazifiki mia nane. Na fundi anasema humo ndani kumeandikwa kila siku na safari yake. Jumapili, thelathini na mbili. Jumapili, thelathini na nne. Jumapili, thelathini na tatu."

Maisha yangu yote nimekuwa nawashika watu kwa mita zao. Kuna waliozifunika, kuna waliozigeuza, kuna mmoja aliyeiwekea sumaku. Na mimi nimekalia mita miezi mitatu, ipo mbele ya macho yangu katikati ya usukani, sikukumbuka kwamba inasoma.

Uso ulinishuka. Ndipo nikasema yote bila mpangilio: fundi cherehani, ile tatu na ile nane, kioo kisicho na ukungu, Honi, miaka yake miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuzigusa kalamu.

"Mama," akasema taratibu, "haya ndiyo niliyoyahitaji. Yangekuwa kwenye fomu, ningeyapeleka juu na kuwaambia, jamani, aliyeijaribu mwenyewe anasema kazi inataka wawili. Wangenisikiliza, kwa sababu ni wewe. Miaka kumi na tisa hujakadiria hata mita moja. Sasa nikipeleka maneno yako watauliza fomu iko wapi. Nawaonyesha hii?"

Atapeleka namba za kioo na ripoti ya fundi. Baiskeli imefaulu, na barua za madereva zitatoka Ijumaa.

Ijumaa, 7 Juni

Barua zimetoka. Honi aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Jumatano, 12 Juni

Ofisi nzima inajua habari ya fomu. Mwenye kaunta kanitania, "Mama kilomita kumi." Pikapu ilinipita barabarani nikiwa nimechuchumaa kwenye mita. Hakupiga honi.

Jumapili, 16 Juni

Sikutoka.

Jumapili, 23 Juni

Sikutoka. Betri imejaa tangu jana.

Ijumaa, 28 Juni

Siku yake ya mwisho. Kulikuwa na keki na hotuba fupi. Nilisimama nyuma. Alipeana mikono na kila mtu, alipofika kwangu akanipa mkono kama alivyowapa wengine, akasema "Haya dada," akakabidhi funguo. Meneja ameniambia baiskeli kumi na moja zinakuja wiki ijayo, na niwafundishe wenzangu.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda bwawani. Nimekwenda moja kwa moja mpaka geti la buluu na kubisha kabla sijaanza kuhesabu.

Alifungua mlango mdogo wa geti, amevaa fulana na kandambili. Akanitazama, akaitazama baiskeli.

"Umeniletea fomu nijaze?"

Nilistahili hilo. Nikamwambia nimekuja kusema mwenyewe, asiambiwe na watu wa kaunta. Nikamwambia nilijua tangu Aprili na nikanyamaza. Nikamwambia niliandika uongo, na uongo ndio uliomwondoa, maana ukweli ungeweza kumbakiza. "Na wala sikudanganya kwa ajili yako," nikasema. "Nilifanya kwa ajili yangu. Nilitaka pikapu irudi ili nisikae peke yangu."

Alikwaruza rangi ya buluu ya geti kwa kucha. Ndani redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Ungeandika tu kwamba unakosea ukiwa peke yako," akasema mwishowe. "Kila mtu anakosea akiwa peke yake."

"Najua."

"Kwa hilo nilikukasirikia, na bado nimekukasirikia."

"Najua."

Nikageuza baiskeli niondoke. Akaniita.

"Dada. Jumapili zile zote nilikuwa nakuona unapita hapa. Mke wangu akasema huyu lazima ana ndugu mtaa huu. Tukawa tunabishana ni nyumba gani."

"Sina ndugu mtaa huu," nikamwambia. "Nilikuwa nakuja kwako. Nikifika getini nashindwa kubisha."

Alinitazama, akaipima baiskeli kwa macho, usukani wake na matairi yake, akautazama ule mlango mdogo.

"Haipiti hapa," akasema. Akavuta komeo, akalifungua geti kubwa, upande mmoja kisha wa pili, utadhani linaingia lori, huku anampigia mkewe kelele alete kiti.